Pensheni ya Askari Polisi

Ndugu wafanyi kazi, wengine watauliza: pensheni ya polisi yatuhusu nini, nao ndio hutupiga virungu wakati wa mgomo? Ni kweli hutupiga. Lakini sheria yawakataza kuwa na chama chao. Basi nani atawasemea?

Zamani askari hakukatwa hata senti kwa pensheni yake mwenyewe. Hesabu ilikuwa juu ya mshahara wa mwisho, sehemu moja ya 480 kwa kila mwezi wa kazi. Aliyetumika miaka 30 alipata robo tatu. Tarehe 1 Januari 2021 ukaanza mpango mpya: walio chini ya miaka 45 wakaingizwa kwa lazima, wakakatwa asilimia 2, kisha 5, kisha 7.5. Serikali ikaahidi kutia 15. Mshahara wa mwisho haukuhesabiwa tena. Ni akiba ile na faida yake, basi.

Wanajeshi hawakuingizwa. Kwa nini? Je, risasi ya jambazi ni laini kuliko ya vita? Tena askari asiyeona chakula cha uzeeni hukitafuta mfukoni mwa makanga, na nauli twalipa sisi.

Twataka polisi wahesabiwe kama wanajeshi, na walichokatwa warudishiwe.