Mtoto Apewe Dadu

Kuna shule moja hapa Nakuru ambapo mwalimu wa Gredi ya 2 aliamriwa aondoe dadu darasani. Shule siitaji, kwa sababu mwalimu ni jirani yangu na bado anahitaji kazi. Alikuwa amenunua kumi kwa pesa zake, zile ndogo za plastiki ambazo mtaani tunaziita daisi, akawagawia watoto wajumlishe nazo. Mzazi mmoja akalalamika kwamba mwanawe anafunzwa kamari. Mkuu wa shule hakuuliza zinafanya kazi gani. Zikafungiwa kabatini, watoto wakarudi kunakili hesabu kutoka ubaoni.

Nasema wazi: mzazi huyo amekosea, mkuu wa shule amekosea zaidi, na watakaolipa ni hao watoto, wakifika miaka ishirini.

Tuanze na kazi ya dadu yenyewe. Mtoto wa miaka sita anaweza kukuimbia moja hadi mia bila kujua tano ni kitu gani. Kwake ni wimbo tu. Sasa mpe dadu. Atarusha, ataona nukta tano, nne kwenye pembe na moja katikati. Mara za kwanza atazigusa kwa kidole, moja moja. Baada ya wiki kadhaa hagusi tena, anaangalia tu na kusema tano. Mpe dadu mbili, moja ikitua sita na nyingine tatu, utamsikia: "Sita... saba, nane, tisa." Hajaanza upya kutoka moja. Hatua hiyo ya kuendelea kutoka namba kubwa ndiyo msingi wa kujumlisha, na wapo watoto wa Gredi ya 3 ambao hawajaifikia, bado wanahesabu vidole kutoka mwanzo kila mara.

Halafu kuna siri ya saba. Pande mbili za dadu zinazopeana mgongo hujumlika saba: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Mwonyeshe mtoto nne juu, muulize chini kuna ngapi. Akishaigundua siri hiyo, tayari anafanya hesabu ya kutoa, na hakuna aliyemtisha na neno "kutoa".

Lakini faida kubwa iko mbele kidogo. Chora mistari sakafuni kwa chaki, uiandike 1 hadi 12. Kila mtoto achague mstari wake. Sisi ni watu wa Bonde la Ufa, kwa hiyo tuwaite wanariadha. Rusha dadu mbili, jumlisha, na mwenye namba hiyo asonge hatua moja. Aliyechagua 1 hatasonga kamwe, na mwache agundue mwenyewe kwa nini. Aliyechagua 12 atasubiri sana, maana anahitaji sita na sita, njia moja tu kati ya 36. Mwenye 7 ana njia sita. Rudieni mbio hizo wiki nzima na darasa lote litaanza kugombania namba za katikati. Kuna siku 7 itashindwa, na hapo ndipo penye utamu, kwa sababu mtoto ataona kwamba jambo linaweza kuwa na nafasi kubwa na bado lisitokee. Ataona pia kwamba dadu haina kumbukumbu. Sita ikikosekana mara kumi mfululizo, haina deni na wewe. Ukirusha tena, nafasi yake ni ile ile, moja kati ya sita.

Sasa panda matatu ya Kaptembwa jioni yoyote. Wasee wameinamia simu, kandege ka Aviator kanapaa, na mmoja anamwambia mwenzake, "Imeanguka chini mara tano, sasa lazima ipande." Huyo ni mtu mzima, pengine ana mke na mtoto, na anaamini mashine inamdai. Hilo somo la kumbukumbu angelipata akiwa na miaka saba, sakafuni, kwa chaki. Badala yake, chini ya 8-4-4, hesabu ya uwezekano ilimsubiri mpaka Form 3. Aliyeacha shule Form 2 kwa kukosa karo hakuwahi kukutana nayo. Simu ya kubeti haikuhitaji karo, kwa hiyo alikutana nayo bila shida.

Chukua jakpoti ya mechi 17. Kila mechi ina matokeo matatu: nyumbani, sare, ugenini. Zidisha tatu kwa tatu mara 17 na utapata zaidi ya milioni 129. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Kama ungekuwa unabahatisha tu, kila Mkenya, hadi mtoto mchanga, angeweka tiketi mbili tofauti na bado zisingetosha. Najua, wanaobeti hawabahatishi, wanajua mpira. Sawa. Lakini waliopanga hizo bei wanaujua kuliko wewe, na waliisoma hesabu hii vizuri.

Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari, BCLB, ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, ikisema yanarushwa hata saa ambazo watoto wanatazama, na kwamba kamari inauzwa kama uwekezaji halali. Siku 30. Dadu za jirani yangu zilifungiwa bila tarehe ya kurudi.

Kuna wanaoniambia dadu ni dhambi, kwamba askari walipiga kura juu ya nguo za Yesu pale msalabani. Ni kweli. Na wasome mbele kidogo, Matendo ya Mitume: Mathiya alichukua nafasi ya Yuda kwa kura, na waliopiga kura hiyo walikuwa wafuasi wa Yesu. Ubaya ulikuwa wa askari na walichokitaka.

Wengine wanasema watoto watazitoa nje wakati wa mapumziko wachezee pesa. Huenda mmoja akajaribu. Lakini niambie, ni kitu gani kinachezewa pesa hapa Kenya kuliko mpira? Mbona hakuna shule iliyong'oa magoli? Mwalimu huhesabu dadu zake kipindi kikiisha, kama anavyohesabu mikasi. Na mtoto aliyekwisha kuelewa kwa nini 12 hukawia ndiye mgumu kuibiwa na wale jamaa wa pata potea pale steji.

Na kuna wanaosema mchezo si masomo. Hao nawaomba watoke mjini kama wanaelekea Nairobi, kilomita chache tu, wapande Hyrax Hill, mahali alipochimba Mary Leakey kuanzia 1937. Kwenye mwamba kuna safu za vishimo vya bao, vimechongwa. Bao na dadu zinatofautiana, maana kwenye bao hakuna bahati, kila kete inahesabiwa. Lakini watu waliokaa hapa zamani walihesabu kwa mchezo, kwa mikono, na hawakuona haya kuuchonga kwenye jiwe.

Serikali nayo ina mapenzi na vifaa vya bei. Mwaka wa 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu, na 2016 tableti zikaanza kugawiwa. Muulize kijana aliyekuwa shule ya msingi wakati huo ni mara ngapi aliishika. Dadu haihitaji stima wala nenosiri. Fundi wa mbao anaweza kukukatia vipande kutoka kwa mabaki yake, ukachoma nukta kwa msumari wa moto. Au kunja kadibodi ya boksi la sabuni, miraba sita. Wazazi waliokesha wakitengeneza sanamu za kufukuza ndege kwa ajili ya CBC hawawezi kushindwa na mchemraba.

Kwa hiyo, mzazi, mkutano wa shule ukiitishwa, simama uulize kama darasa la mwanao lina dadu. Likiwa halina, peleka mbili. Wakikuambia ni kamari, waombe waeleze mbele ya wote kwa nini namba 7 hutangulia. Asiyeweza kueleza hana sababu ya kumzuia mwalimu anayeweza.