Mwizi Aliyepishwa

Mhakiki wa Kiswahili akitaka kuidunisha riwaya isiyompendeza, husema wahusika wake ni wa katuni, na mjadala hufungwa hapo hapo. Hukumu hiyo aghalabu hutolewa na watu wasiopata kufunua kitabu kimoja cha katuni kwa nia ya kukisoma, na ubaya wake si ukali bali uvivu. Upande wa pili wamesimama vijana wampendao Spider-Man, wanaomvaa kifuani katika fulana na kumjua kwa sinema tu. Nao pia hadithi iliyomzaa hawajaisoma. Makundi haya mawili hudhaniwa kuwa mahasimu, ilhali yamekubaliana katika jambo kubwa kuliko yote, kwamba kisa cha mwanafunzi yule ni kisa cha nguvu. Wa kwanza wanazicheka nguvu hizo, wa pili wanazitamani. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja.

Hadithi yenyewe ni fupi mno. Ilitoka katika toleo la 15 la jarida la Amazing Fantasy, la Agosti 1962, lililouzwa kwa senti 12 za Kimarekani. Maneno ni ya Stan Lee na michoro ni ya Steve Ditko. Jarida hilo halikuwa na soko, na toleo lile likawa la mwisho. Katika kurasa 11 anasimuliwa Peter Parker, yatima aliyelelewa na ami yake Ben na May mke wa ami, mwanafunzi hodari wa sayansi katika shule ya sekondari jijini New York, ambaye wenzake humdhihaki na kumtenga. Anakwenda peke yake kutazama maonyesho ya kisayansi, anaumwa na buibui aliyepigwa na mionzi, na buibui anakufa papo hapo. Kijana anatoka nje akiwa na kizunguzungu, gari linataka kumgonga, naye anaruka. Anapojitambua yuko ukutani, amenata kwa ncha za vidole.

Hapo ndipo msomaji wa haraka hukimbilia kushangilia, na hapo ndipo inapofaa asimame. Superman, aliyetangulia tangu 1938, alipewa mambo ya kusifiwa: kifua kipana, uso wazi, nywele zilizochanwa. Huyu amepewa hulka ya mdudu anayefagiliwa pembeni mwa dari. Lee, aliyefariki 2018, alizoea kusimulia kwamba mchapishaji wake aliikataa fikra hiyo kwa hoja kuwa watu huwachukia buibui. Mchapishaji alikuwa na macho. Ditko naye alilijua hilo, wala hakulificha: kiwiliwili alichokichora ni chembamba, magoti yamekunjwa, viungo vimepinda kama havina mifupa, na barakoa imefunika uso mzima, haikuacha hata mdomo, ina macho meupe makubwa yasiyo na mboni. Msomaji wa pwani, ambaye kwake neno buibui ni mdudu na ni vazi pia, hahitaji kufafanuliwa namna sitara inavyompa mtu uwezo wa kuona bila ya kuonekana.

Jalada ni habari nyingine. Lilichorwa na Jack Kirby baada ya lile la Ditko kuwekwa kando, na juu yake huyo mtu wa utandabui anabembea juu ya majumba, kifua mbele, amembeba mtu kwapani. Jalada liliuza nguvu; kurasa za ndani zilisimulia aibu. Ugomvi wa mambo hayo mawili haujakwisha hadi leo, na kwa bahati mbaya jalada ndilo linaloshinda.

Kwamba zimwi liliingia katuni kwa mlango wa shule si jambo la ajabu, kwani milango mingine ilikuwa imefungwa. Mnamo 1954 tabibu wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu chake Seduction of the Innocent akidai kwamba katuni zinawaharibu watoto. Wajumbe wa Seneti wakasikiliza mashauri, na wachapishaji, kwa hofu, wakajitungia kanuni za kujidhibiti. Kanuni hizo zilikataza wafu watembeao, wanyonya damu, maghuli na watu wageukao mbwamwitu. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, katika baadhi ya miji ya Marekani watoto walikuwa wamekusanywa kuzichoma katuni hadharani. Wertham hakuwa mtu mwovu. Ndiye aliyefungua kliniki Harlem kwa ajili ya maskini waliokosa tiba kwingine. Lakini mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, aliyezipitia karatasi zake, alionyesha kwamba maneno ya vijana yaliyotumiwa kama ushahidi yalikuwa yamepindwa na kuunganishwa ili yaafiki hoja. Dharau inayorudiwa leo kwa Kiswahili sanifu ina jamaa zake humo, hata kama warudiaji hawaijui nasaba yao.

Marufuku ya maghuli ingepaswa kuwachekesha wapenzi wa tenzi kuliko watu wote. Katika ushairi wa Kiswahili upo Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli wa Mgeni bin Faqihi, uliochapishwa Dar es Salaam 1979. Watunzi wa Batman nao, walipomtafutia shujaa wao adui mpya mwaka 1971, walimwita Ra's al Ghul. Hawakukopa kwa Waswahili, walikopa kwa Waarabu; jina ni lile lile. Na aliyekulia katika kisa cha Fumo Liyongo, mwenye nguvu zisizo mfano aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, atawezaje kudai kwamba mtu kupewa nguvu za ajabu ni mambo ya watoto? Bora aseme kwamba hapendi michoro, yakaisha.

Turathi hiyo hiyo ndiyo ingemfundisha mahali pa kutazama. Msikilizaji wa Liyongo haulizi alikuwa na nguvu kiasi gani. Anauliza nani alimsaliti na kwa nini. Swali hilo likiulizwa katika kurasa zile 11, jibu lake limo katika ushoroba.

Kijana Parker hakuanza kwa kumwokoa mtu. Alianza kwa kutafuta fedha: akapambana na mcheza mieleka kwa zawadi ya dola 100, kisha akajishonea vazi na kuingia katika televisheni. Baada ya onyesho, akiwa ushorobani, mtu anapita mbio, na askari nyuma yake anapiga kelele azuiwe. Parker angeweza kumzuia kwa mkono mmoja. Anasimama kando, mwizi anaingia katika lifti, mlango unafungwa. Askari anapomlaumu, anajibu kwamba hiyo si kazi yake, na kwamba amechoka kuamrishwa, tangu sasa atajitazama nafsi yake tu. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hapa mwenye nguvu ndiye aliyempisha dhaifu, tena mwovu, wala hakumpisha kwa hofu au kwa huruma. Halikumhusu.

Katika tukio hilo hakuna utandabui, hakuna kupanda ukuta, hakuna hata ngumi. Wachoraji wa kizazi kile walizoea kutisha kwa meno na makucha. Ditko ametisha kwa kijana aliyeegemea pembeni. Na jambo linaloufanya mkato huu uwe mkali ni kwamba kinyongo cha mwanafunzi yule kina haki. Wenzake kweli walimcheka. Kweli walimwacha peke yake na vitabu vyake. Hadithi haisemi kwamba dhuluma ile haikuwapo. Inamwonyesha tu akiilipiza kwa mtu asiyehusika, kwani askari yule hakuwa miongoni mwa waliomcheka. Kila mwalimu aliyepata kusomesha vijana wenye akili na uchungu anaijua sura hiyo.

Siku chache baadaye Parker anarudi nyumbani, anaambiwa ami yake ameuawa na mwizi. Anamfuata muuaji katika ghala kuukuu, anamshinda bila ya taabu, anamgeuza uso, anamtambua. Maneno mashuhuri yanayofunganisha uwezo na wajibu, ambayo leo kila mtu humtwisha Ben Parker kama wasia, katika kurasa zile hayasemwi na Ben hata kidogo. Yamo katika maandishi ya msimulizi, katika kisanduku cha mwisho, baada ya maiti. Ben hakumuusia mtu kitu. Wasia humtaka mtu atii. Maneno yanayokuja yakiwa yamechelewa hayana la kutiiwa.

Zipo hoja dhidi ya hadithi hii, na iliyo nzito ni ya sadfa. New York ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni 7; vipi mwizi yule yule aifikie nyumba ile ile? Mtetezi wa tenzi atajibu kwamba qadari haihesabu nyumba, na jibu lake si baya. Lakini kasoro iliyopo ni kubwa kuliko sadfa. Sadfa inamrahisishia kijana mambo, kwa kuwa hatia yake inarudi nyumbani kwake, kwa mtu aliyempenda. Laiti mwizi angeua katika nyumba ya watu wengine, kosa la ushorobani lingebaki lile lile, na Parker asingelijua maisha. Hapo Lee na Ditko wameshindwa kwenda mbali ilikowataka hadithi. Mhakiki anayetafuta pa kuichoma katuni hii apachome hapo, aache kucheka vazi.

Kwamba nguvu zile ni ila, watunzi wenyewe hawakulisahau upesi. Mwaka 1971, katika toleo la 100 la jarida la The Amazing Spider-Man, Parker, ambaye sasa ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anatengeneza dawa ya kujitoa nguvu ili awe mtu kama watu. Anainywa, analala, anaamka ubavuni mwake mmeota mikono minne mingine. Aliyetaka kupunguza ubuibui amekamilishiwa idadi ya miguu ya buibui. Ni kweli kwamba toleo la 100 lilihitaji kishindo cha kuuzia, na matoleo mawili yaliyofuata yakaiondoa mikono ile kwa njia isiyofurahisha. Hata hivyo picha yenyewe, ya msomi aliyeketi na mikono sita katika chumba asimoweza kumkaribisha mtu, ni ya kweli kuliko mapambano mengi yaliyochorwa kabla na baada yake.

Sinema zimefanya nini na haya yote? Ile ya Sam Raimi ya 2002 iliuhifadhi ushoroba na lifti, na ihesabiwe kwa hilo. Lakini ikautoa utandabui katika mishipa ya mkono wa kijana, ilhali katika katuni aliuunda mwenyewe kwa elimu yake, na hicho ndicho kitu pekee katika shani ile alichokichuma kwa kusoma. Mwaka 2007, katika filamu ya tatu, Raimi akafanya jambo lisilosameheka: akafichua kwamba aliyempiga Ben risasi alikuwa mtu mwingine, Flint Marko, na yule mwizi wa lifti alikuwa mshirika tu. Kwa mkasi mmoja hatia ikaanza kulegea, na mtazamaji akaalikwa amsamehe Marko badala ya kumtazama aliyesimama kando. Filamu ya Marc Webb ya 2012, ambayo wengi huidharau, ilikuwa na akili zaidi kwa upande huu. Humo ami anauawa kwa sababu ametoka usiku kumtafuta kijana aliyekimbia nyumbani kwa hasira, basi sadfa inapungua. Na muuaji hapatikani mpaka mwisho.

Halafu ikaja Spider-Man: Homecoming ya 2017. Kijana amepata vazi kutoka kwa Tony Stark, tajiri mwenye viwanda, ananyang'anywa, anarudishiwa. Kisa cha mtu aliyempisha mwizi kimekuwa kisa cha mwanagenzi anayetaka kupandishwa cheo na mfadhili. Ushoroba haupo. Askari hayupo. Ami hatajwi jina. Kilichobaki ni nguvu na vazi, yaani jalada, na nakala moja ya jalada hilo, pamoja na kurasa zake ambazo mnunuzi huenda asizifunue kwa kuchelea kuzichakaza, iliuzwa Septemba 2021 kwa dola milioni 3.6.

Michoro ya asili ya Ditko iko Washington, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoipokea mwaka 2008 kwa mtu ambaye hakutaka kutajwa. Wino wa ukurasa wa ushoroba ungali unasomeka. Mwizi amekwisha kuingia katika lifti. Askari amebaki ushorobani akifoka, na katika kurasa zilizosalia harudi tena, wala Parker hamtafuti.