Urithi wa Damu si Hukumu

Wahenga walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hiyo ina hekima yake, lakini ikitumiwa kuhukumu maradhi huleta dhuluma. Aghalabu familia yenye mgonjwa aliyepooza huambiwa kuwa ina laana. Mabinti zake hukosa posa, na mgonjwa mwenyewe hufichwa chumba cha ndani.

Tutazame maradhi yaitwayo maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kulinda, hugeuka ikashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Macho huingia kiza, na miguu hukosa nguvu. Maradhi haya ni haba katika nchi za joto, lakini yamekithiri kwa wanavisiwa wenzetu wa Orkney, kaskazini ya Scotland. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulikuta huko wagonjwa wapatao 400 katika kila watu 100,000, kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyokwisha kuandikwa hadi wakati huo.

Je, sababu ni damu yao? Kwa sehemu, ndiyo. Tangu mwaka 1972 wataalamu wamejua kwamba jeni za kinga ya mwili zinahusika. Mojawapo, HLA-DRB1*15:01, huzidisha hatari mara tatu hivi. Utafiti wa mwaka 2019 ulionesha zaidi ya sehemu 200 za urithi zinazochangia, nyingi zikiongeza kidogo kidogo tu.

Lakini tuwaangalie pacha wa kufanana, waliorithi jeni zile zile. Mmoja akiugua, uwezekano wa mwenziwe kuugua ni kama robo tu. Lau damu ingekuwa hukumu, wote wawili wangeugua. Ama watoto wa mzazi mgonjwa, walio wengi kabisa hawaugui maishani mwao. Sababu nyengine zimo: virusi vya Epstein-Barr, ambavyo utafiti wa mwaka 2022 juu ya wanajeshi wa Marekani ulithibitisha uzito wake, pamoja na sigara na upungufu wa vitamini D.

Haya yasichanganywe na seli mundu, maradhi tunayoyajua sana. Huko, mtoto akirithi jeni ya seli mundu kwa baba na kwa mama, huugua. Kwa hiyo kupima damu kabla ya ndoa kuna maana. Kumkataa mchumba kwa kuwa shangazi yake alipooza hakuna maana yoyote. Ni ujinga uliovishwa kanzu ya busara.

Kwa watendaji wa Serikali tunasema hivi: hali ya Orkney ilijulikana kwa sababu wagonjwa walihesabiwa. Hapana mpango bila ya hesabu. Hospitali zetu hazina budi kuandika kila mgonjwa wa mishipa ya fahamu, na masheha hawana budi kuwaelimisha wananchi. Dawa za kupunguza mashambulizi ya maradhi haya zipo duniani, na hufaa zaidi zikianzwa mapema. Mgonjwa aliyefichwa hazipati.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuwatoe wagonjwa wetu vyumba vya ndani, tuwafikishe kwa madaktari, na tuache kuzihukumu koo zao.