Hesabu ya riba ifundishwe kabla kijana hajatia saini

UKURASA huu kwa kawaida humletea msomaji bei za mchele, saruji na hisa. Wiki hii tunazungumzia bidhaa isiyopimwa kwa kilo, lakini uhaba wake unawagharimu wafanyabiashara wa Temeke na Kinondoni kila siku: ujuzi wa fedha kwa vijana wa sekondari.

Mwenye duka wa Tandika au Tegeta anaijua hali hii. Kijana anamaliza Kidato cha Nne, anapewa mali kauli au anachukua pikipiki ya mkataba, na baada ya miezi michache anadaiwa na watu watatu. Mara nyingi si mwizi wala mvivu. Hakuna aliyemfundisha kupiga hesabu ya deni lake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu. Mtu anakopa Sh. 100,000 na kuambiwa arejeshe Sh. 5,000 kila siku kwa siku 30. Elfu tano inaonekana ndogo. Lakini mwisho wa mwezi amelipa Sh. 150,000, yaani riba ya asilimia 50. Na kwa kuwa deni linapungua kila siku, wastani wa fedha ya mkopeshaji anayokaa nayo kwa mwezi mzima ni kama nusu tu ya alichokopa. Riba yake halisi, basi, inakaribia asilimia 100 kwa mwezi. Ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Hesabu hii haihitaji shahada. Inahitaji penseli na mwalimu wa kuiandika ubaoni.

Hatari hiyo sasa imehamia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila leseni. Kuzifungia ni jambo jema, lakini anayefungiwa leo anaweza kurudi kesho kwa jina jingine. Kinga ya kudumu ni mkopaji anayeuliza, "Jumla nitalipa kiasi gani?"

Upatu wa aina mbili

Wasomaji wengi wanaikumbuka DECI, iliyowaahidi watu "kupanda mbegu" na kuvuna zaidi ya walichopanda. Mwaka 2009 mradi huo ulisimamishwa, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kadhaa. Wapo waliouza mali ili wapande.

Neno lililotumika lilikuwa upatu, na hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Upatu wa akina mama wa Mbagala ni jambo jingine: watu kumi wanachanga, mmoja anapokea, na mzunguko ukiisha kila mtu amepata kile alichotoa. Hakuna faida inayotoka hewani. Katika upatu wa piramidi, malipo ya wa kwanza yanatoka mfukoni mwa wanaofuata. Kila mmoja akitakiwa kuleta wawili, hatua ya 20 peke yake inadai watu wapya 1,048,576, idadi inayozidi wakazi wote wa Kinondoni kwa sensa ya 2022. Hatua mbili zaidi, jiji zima la Dar es Salaam limekwisha na hakuna wa kuwalipa waliobaki. Mwanafunzi akizidisha kwa mbili mara 20 kwa mkono wake, mahubiri ya mavuno hayatamdanganya tena.

Somo lipo, lisiharibiwe

Mtaala mpya, ulioanza kuingia kwa awamu mwaka 2024, umeliweka somo la Elimu ya Biashara miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari. Tunaipongeza hatua hiyo. Hofu yetu ni namna litakavyofundishwa. Sisi tuliosoma mchepuo wa biashara tulikariri kazi za muuzaji wa jumla na tukasawazisha urari wa makampuni ya kubuni, lakini hatukupata kusoma mkataba mmoja wa mkopo. Somo likibaki la kukariri, mwanafunzi atapata alama nzuri na bado atatia saini asichokielewa.

Wapo watakaosema wanafunzi wenyewe wanashindwa Hisabati, seuze fedha. Ni kweli kwamba katika mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2023 waliofaulu somo hilo walikuwa karibu robo tu. Lakini mtoto huyo huyo anahesabu chenji ya daladala bila kukosea na anajua makato ya kutuma pesa kwa simu. Aanzie hapo, kwenye fedha anayoishika, ndipo asilimia zitakapomwingia.

Na sisi wafanyabiashara tusingoje Wizara. Shule ya kata iko jirani na duka lako. Mwombe mkuu wa shule saa moja kwa muhula, nenda na leja yako ya zamani, waonyeshe mali iliyoingia, wadaiwa wasiolipa na faida iliyobaki. Mwenye pikipiki za mkataba aupeleke mkataba wake usomwe darasani, jumla ya malipo ilinganishwe na bei ya dukani. Akiona aibu kuupeleka, basi mkataba huo wenyewe una kasoro.

Vijana hao ndio wateja, wauzaji na wadaiwa wetu wa kesho. Kijana anayejua kuhesabu riba atalipa deni lake, au atakataa mapema kukopa. Kwa mwenye duka, yote mawili ni faida.