Ugonjwa wa ubongo hauna mpaka, utafiti wake nao usiwe na mpaka

Chukua mfano wa msichana wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo hapa Kigali. Anaanza kwa kuumwa kichwa na homa kidogo. Wiki ya pili halali, anasikia sauti, anawatuhumu nduguze kwamba wanataka kumtilia sumu. Wiki ya tatu anaanguka kifafa. Nyumbani Nyamirambo jirani mmoja atasema ni majini, mwingine atasema ni amarozi, wa tatu atasema malaria imempanda kichwani. Kipimo cha malaria kikionyesha hana vimelea na picha ya kichwa ikionekana ya kawaida, atapewa dawa za wagonjwa wa akili, na familia itaanza kujizoesha kuishi na kichaa.

Huenda msichana huyo si kichaa. Mwaka 2007, Dkt. Josep Dalmau na wenzake huko Philadelphia, Marekani, walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia ubongo wa mwenye mwili. Kingamwili hizo hupatikana kwa kupima maji ya uti wa mgongo. Ugonjwa huwapata zaidi wanawake vijana na watoto, na wakati mwingine huanzia kwenye uvimbe wa ovari. Kinachopaswa kutuamsha ni kwamba unatibika. Katika utafiti wa wagonjwa 577 uliochapishwa mwaka 2013, wanne kati ya kila watano walikuwa na hali nzuri baada ya miaka miwili, na waliowahi matibabu walipona vizuri zaidi. Dawa ya kwanza ni steroidi, ambazo hospitali zetu zinazijua siku nyingi.

Sasa tujiulize: ni wagonjwa wangapi wa aina hii wanaopita katika hospitali za Kigali, Bujumbura, Mwanza au Goma bila kutambuliwa? Kulijibu swali hilo kunahitaji mtu wa kukaa nalo miaka mitatu au minne, akusanye sampuli, apime, afuatilie wagonjwa na kuandika. Hiyo ndiyo kazi ya shahada ya uzamivu. Nafasi za uzamivu katika fani hii hutangazwa mara kwa mara Ulaya na Marekani. Kijana wetu akiipata, tunampongeza na kumsindikiza Kanombe. Lakini huko atatafiti maswali ya huko. Ubongo ulioshambuliwa na kinga baada ya malaria, au kwa mtu anayeishi na virusi vya ukimwi, si swali linalomnyima usingizi profesa wa mji ambao hauna mbu wa malaria.

Na si kwamba sisi hatuna la kutafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwakuta watoto wa Mahenge, Tanzania, ambao vichwa vyao vilianguka mbele kama mtu anayesinzia, kisha wakapata kifafa na kudhoofika akili. Miaka mingi baadaye ugonjwa huohuo ulionekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, katika wilaya kama Kitgum na Pader. Sehemu zote hizo zina mito yenye usubi, wale inzi wadogo waenezao minyoo inayopofusha macho.

Mwaka 2017 watafiti waliochunguza sampuli za watoto wa Uganda waliripoti kwamba kingamwili zinazotengenezwa kupambana na mnyoo huo huenda zinashambulia pia protini iliyomo ndani ya ubongo. Mwaka uliofuata, wengine waliochunguza ubongo wa watoto waliofariki waliona dalili za ugonjwa wa aina nyingine. Mjadala haujaisha. Watoto walikuwa wetu, mito ni yetu, lakini maabara zilizoongoza kazi hiyo zilikuwa nje ya Afrika. Nchi tatu zilizoguswa zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Wapo watakaosema Jumuiya ina shida kubwa kuliko hii: malaria, kifua kikuu, vifo vya wajawazito. Ni kweli. Lakini maabara inayoweza kupima kingamwili za ubongo itatumika kwa magonjwa mengine mengi, na daktari aliyefunzwa kutofautisha wazimu na ubongo uliovimba anaokoa fedha za familia na heshima ya mgonjwa.

Vyombo tayari tunavyo. Mei 2017 marais wetu walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu liko Kampala, Kamisheni ya Utafiti wa Afya iko Bujumbura, na Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia iko hapahapa Kigali. Chuo Kikuu cha Rwanda kimeshirikiana na Sweden kwa miaka mingi kusomesha wanafunzi wa uzamivu wanaogawa muda wao kati ya nchi mbili. Kama tumeweza na Stockholm, kwa nini tushindwe na Makerere na Muhimbili?

Pendekezo langu ni dogo. Jumuiya ianze na nafasi kumi za uzamivu. Kila mwanafunzi awe na wasimamizi wawili kutoka nchi mbili wanachama, akusanye data katika hospitali za nchi zote mbili, na alipe ada ya mwenyeji popote aendapo. Sampuli zipimwe ndani ya kanda. Zikilazimika kwenda nje, ziende na mwanafunzi wetu akajifunze kipimo hicho na kurudi nacho. Na matokeo yaandikwe pia kwa Kiswahili, ili muuguzi wa Kitgum na wa Rusizi wayasome.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hakuna nchi yetu hata moja yenye wagonjwa, mabingwa na fedha za kutosha peke yake. Lakini yule msichana wa Nyamirambo hawezi kusubiri tumalize semina. Kila wiki inayopita bila tiba, ubongo wake unaendelea kushambuliwa.