Mtoto Hasahau

“Mwache, huyo ni mtoto, atasahau.” Huku Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, maneno haya husemwa karibu kila penye msiba, tena husemwa kwa huruma. Lakini yanaumiza. Yanamziba mtoto mdomo saa ileile anayotaka kuuliza.

Madhara yake tuliyaona wakati wa Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto. Mtoto alilazwa peke yake, akahudumiwa na watu waliojifunika mwili mzima. Mwingine alibaki na afya yake, lakini mama yake akafia katika kituo cha matibabu, na nyumbani wakamwambia amesafiri. Mtoto aliyeambiwa hivyo hungoja. Akichoka kungoja hutafuta sababu mwenyewe, na mara nyingi hujitwika lawama: mama ameondoka kwa sababu nilimkosea.

Hapo ndipo mwanasaikolojia ana kazi. Humwambia mtoto ukweli kwa maneno anayoweza kuyabeba, tena humwambia mbele ya mtu anayempenda. Humpa karatasi achore asichoweza kusema. Beni, vyumba vyenye kuta za plastiki angavu viliwawezesha jamaa kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Katika vituo vya malezi vilivyojengwa kando ya vituo vya matibabu, watu waliopona Ebola, wenye kinga mwilini, waliwabeba watoto waliotenganishwa na wazazi. Na kabla mtoto hajarudi nyumbani, kuna mtu wa kwenda kuzungumza na familia na majirani, asije akafungiwa mlango.

Wapo wanaojibu kwamba wazee wetu walipita katika vita bila mwanasaikolojia. Ni kweli, lakini hawakupita peke yao. Walikuwa na ukoo, matanga, na shangazi wa kumlaza yatima kifuani. Ebola ilizuia kumwosha marehemu. Wageni waliovaa barakoa ndio waliozika. Na mauaji ya raia yaliyoanza upande wa Beni Oktoba 2014 yametawanya koo nzima, watu wakikimbia vijiji na mashamba. Huwezi kumkabidhi mtoto kwa ukoo uliotawanyika, kisha ukasema mila itamponya.

Mtazameni huyo anayedaiwa kusahau. Anakojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha. Anashtuka mlango ukibamizwa. Anacheza mchezo wa kuzika. Shuleni wanamwita mvivu, nyumbani anachapwa. Naye mzazi anayemchapa huenda halali usiku, kwa kuwa amezika mume au ameona mapanga. Ndiyo maana mwanasaikolojia mwema huanza kwa kuketi na mama. Mama akipata pa kulia, mtoto naye hupata mtu wa kumsikiliza.

Wanaosema kazi ya mwanasaikolojia ni kwa wendawazimu tu wanawanyima watoto msaada. Na wanaoileta pamoja na mlipuko, kisha wakaondoka nayo mlipuko unapoisha, wana kosa vilevile, maana huzuni ya mtoto haiishi siku serikali inapotangaza mwisho wa ugonjwa. Kila eneo la afya liwe na mwanasaikolojia wa kudumu, anayelipwa, na walimu wafundishwe kumtambua mtoto aliyeumia. Sisi wazazi tusingoje hayo. Mtoto akiuliza mama yuko wapi, tumwambie amekufa, na tubaki naye anapolia.