Musitupie kijana wa mashini makosa yote

Vijana wa Beni, Butembo na Mambasa,

Pori linaisha, hatufichi. Lakini kila kiongozi akiulizwa, anaonyesha kidole kijana mwenye mashini ya kukata miti. Yeye peke yake?

Pitieni siku ya Mungu kwa fundi wa mashini. Vijana wamezunguka meza: huyu anapiga lima meno ya sheni, yule anafungua karbirateri, wengine wanabishana Stihl na Husqvarna, ipi inapasua libuyu bila kuchoka. Wanawasha, wanasikiliza mlio tu, wanajua ugonjwa. Hiyo ni akili! Shule gani ya serikali iliwafundisha? Hakuna. Kesho yake wako porini, wanapasua mbao bila kaske, na ndara mguuni.

Sheria ya misitu iko tangu 2002. Permi ya kukata miti kwa mashini ni ya Mkongomani, na inasainiwa na gavana. Tangu Mei 2021, magavana wa Nord-Kivu na Ituri ni wanajeshi. Basi wao ndio watujibu: kijana wa mashini moja anaipata wapi, kwa franka ngapi? Juu kwa baryeri, kwanza ni pesa, permi baadaye. Na malori ya mbao yenye kuvuka Kasindi kuingia Uganda, si ya kijana wa ndara.

Tunadai majina ya wenye permi yote yabandikwe mbele ya watu, pamoja na bei. Tena vijana hawa wafundishwe na kupewa kaske, mbele ya kukamatwa.